Vitafunwa vya mbwa vya kutengeneza nyumbani: maswali na majibu

Nataka biskuti rahisi, bila vitu vya kutafuta mbali. Vipimo ni vipi?

Unga wa ngano isiyokobolewa gramu 250, kiazi kitamu kilichochemshwa na kupondwa gramu 150, yai moja, na mafuta ya kupikia kijiko kikubwa kimoja. Chumvi, sukari na hamira viache kabatini.

Ponda kiazi kingali na moto, lakini usikitie yai mpaka kipoe, la sivyo yai litaiva vipandevipande na halitashika unga. Changanya kiazi, yai na mafuta kwanza, kisha tia unga kidogokidogo. Viazi havilingani kwa maji, kwa hiyo bakisha konzi moja ya unga uone donge linavyokwenda. Likiacha kunata mkononi, limefika. Likipasuka kingo unapolisukuma, liongeze maji kijiko cha chai kimoja kimoja.

Sukuma unene wa milimita 5, kata miraba ya sentimita 2, uoke kwa nyuzi 170 dakika 20 hadi 25. Kisha zima oveni, fungua mlango kidogo tu, uziache humo saa mbili. Saa hizo mbili ndizo wengi wanaziruka, na swali linalofuata linaonyesha kinachotokea.

Biskuti zangu ni ngumu nje lakini siku ya nne zinaota ukungu. Kwa nini?

Ugumu wa nje haukuambii lolote kuhusu katikati. Moto mkali hukausha ganda upesi na kufungia maji ndani; ukishaweka biskuti kwenye chombo, maji hayo hutoka polepole na kulainisha zote. Chukua kipande kinene kuliko vyote, kiache kipoe kabisa, ukivunje. Kikikatika kwa mlio na ndani kukawa na rangi moja, kimekauka. Kikipinda kwanza, au kukiwa na mstari mweusi wa unyevu katikati, rudisha zote ovenini kwa nyuzi 100 kwa saa moja, upime tena.

Kosa jingine ni kufunika zikiwa na joto: mvuke unageuka matone chini ya kifuniko, na ukungu unaanzia hapo. Zilizokauka sawasawa hukaa wiki mbili katika chombo kisichopitisha hewa. Laini ziwekwe kwenye friji na ziishe ndani ya siku nne au tano. Kwenye friza zinafika miezi mitatu. Ukiona ukungu kwenye biskuti moja, tupa zote. Kukwangua hakusaidii, maana baadhi ya kuvu hutoa sumu zinazopenya ndani ya chakula, na sumu hizo humletea mbwa mitetemeko na degedege.

Nimpe ngapi kwa siku?

Kipimo kinachotumiwa na madaktari wa mifugo ni kwamba vitafunwa visizidi asilimia 10 ya kalori za siku. Mbwa mzima wa kilo 10 mwenye shughuli za kawaida anahitaji takriban kalori 600, kwa hiyo fungu la vitafunwa ni 60. Vipimo vya hapo juu vina jumla ya kalori 1,150 hivi na vinatoa vipande vinavyokaribia 190, yaani kalori 6 kila kimoja. Basi ni vipande 10 kwa siku, na chakula chake cha kawaida kipunguzwe kalori 60 hizo hizo. Kupunguza huku ndiko kunakosahaulika, halafu watu wanashangaa mbwa amenenepa kwa vitu "vya afya".

Kwa mafunzo, kata udogo wa punje ya njegere. Mbwa anahesabu mara alizopewa, hajali ukubwa.

Siagi ya karanga inafaa?

Inafaa ikiwa ni karanga tupu. Soma maandishi ya chupa: ukiona zailitoli, au namba E967, au "sukari ya mti wa betula", usimpe hata kuilamba. Kwa binadamu ni kitu cha kutia utamu tu, lakini mwili wa mbwa huipokea kwa kumwaga insulini nyingi kwa ghafla. Sukari ya damu huporomoka, wakati mwingine ndani ya nusu saa. Mbwa anatapika, anayumba, anaweza kupata degedege, na dozi kubwa huharibu ini. Akishakula, mpigie daktari wa mifugo papo hapo bila kungoja dalili.

Hata ile safi ina mafuta mengi. Kijiko kikubwa kimoja ni karibu kalori 95, kwa hiyo itoe kwenye hesabu ya juu. Mbwa aliyewahi kuugua kongosho asipewe kabisa.

Kitunguu saumu kidogo kwenye biskuti ili kufukuza viroboto?

Hapana. Jamii yote ya vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi, vimepikwa au vimesagwa, na vya unga ndivyo vikali zaidi kwa uzito. Viroboto vina dawa zake. Zabibu mbichi na kavu, chokoleti na makadamia navyo visikaribie bakuli la kuchanganyia.

Nakausha minofu ya kuku kwa mashine, nyuzi 60, saa nane. Ni salama?

Hivyo hivyo, si salama. Nyama inapotoa maji hujipoza yenyewe, kwa hiyo ndani yake haifiki nyuzi 60 kwa saa kadhaa. Bakteria kama salmonela wakishakauka pamoja na nyama wanakuwa wagumu zaidi kuuawa na joto. Wanaweza pia kumwambukiza anayeshika vipande hivyo.

Geuza mpangilio: kata minofu vipande vya milimita 5, vipike kwa mvuke au ovenini mpaka katikati ifike nyuzi 74 kwa kipimajoto, ndipo ukaushe. Maini vilevile, ila ni chakula kizito kwa vitamini A. Vipande vichache vidogo, mara mbili kwa wiki, vinatosha.

Ngano inamwasha mbwa wangu, lakini unga wa mchele unavunjikavunjika.

Kwanza hakikisha ni ngano. Kwa mbwa, nyama ya ng'ombe, maziwa na kuku hutajwa zaidi kwenye mzio wa chakula, na njia ya kujua ni lishe ya majaribio ya wiki nane chini ya daktari.

Mchele hauna utomvu unaoshikanisha ngano. Tia mayai mawili badala ya moja, acha donge kwenye friji dakika 30 linywe maji, kisha usilisukume: libonyeze kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, ulichore kwa kisu kabla ya kuoka, uvunje mistari baada ya kupoa.