Maswali ya Wasomaji: Kodi ya Halmashauri na Mama Anayetunzwa Nyumbani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi England na mama yangu mzazi, ambaye ana ugonjwa wa kusahau. Nyumba ni yake, na mimi humtunza usiku na mchana. Juzi nilikuta kabatini barua kadhaa alizozificha bila kuzifungua, na ya mwisho ni wito wa mahakama kwa kodi ya halmashauri, yaani kodi ya makazi ya serikali za mitaa, isiyolipwa. Afisa wa ustawi wa jamii alikwisha kuja kumtathmini na anaijua hali yake vizuri. Inawezekanaje serikali za mitaa zimtunze kwa mkono mmoja na kumshtaki kwa mkono mwingine?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Katika sehemu nyingi za England, kodi hukusanywa na halmashauri ya wilaya, lakini matunzo ya wazee ni kazi ya halmashauri ya kaunti, kwa hiyo afisa aliyekaa sebuleni kwenu na karani aliyetuma wito huenda wameajiriwa na mamlaka mbili tofauti. Hata pale ambapo halmashauri ni moja, idara hizo mbili mara nyingi hazipeani taarifa. Jambo hili linanisikitisha, kwa sababu kodi ya halmashauri na utaratibu wa matunzo katika jamii, yaani kuwasaidia wahitaji wakiwa majumbani mwao, uliotokana na sheria ya mwaka 1990, vilianza kutumika kikamilifu mwezi mmoja, Aprili 1993, na tangu 2016 halmashauri zenye jukumu la matunzo zimeruhusiwa kuongeza sehemu maalumu katika kodi hiyo kwa ajili ya kuwatunza watu wazima. Mama yako anadaiwa fedha ambazo sehemu yake imekusudiwa watu wenye hali kama yake.

Sasa tuje kwenye haki zenu. Mtu ambaye daktari amethibitisha kwamba akili yake imedhoofika sana na kwa kudumu, na ambaye pia anastahili mojawapo ya posho za serikali zilizotajwa katika kanuni, kama ile ya matunzo kwa wazee, hahesabiwi miongoni mwa watu wazima wa nyumba. Angekuwa anaishi peke yake, nyumba ingesamehewa kodi yote. Kwa kuwa mnaishi wawili, na anayehesabiwa ni wewe peke yako, punguzo ni asilimia 25. Lakini wewe nawe unaweza kutohesabiwa, iwapo unamtunza kwa saa zisizopungua 35 kwa wiki na posho ya mama ni ya kiwango kinachotakiwa. Mume au mke wa mgonjwa hawezi kutumia kifungu hiki, ila mtoto anaweza. Mkiwa wote wawili hamhesabiwi, ankara hushuka kwa nusu. Punguzo hupaswa kuanzia siku masharti yalipotimia, hata kama maombi yamechelewa, kwa hiyo mwombe daktari aandike tarehe ambayo hali hiyo ilianza. Tarehe hiyo inaweza kufuta sehemu kubwa ya malimbikizo.

Kuhusu wito, usingoje siku ya kesi. Iandikie idara ya kodi leo, ueleze ugonjwa, uambatishe ushahidi ulio nao, na uombe hatua za kudai zisimamishwe hadi ombi la punguzo litakapoamuliwa. Wengi hukosea hapa: huenda mbele ya mahakimu wakitarajia kueleza habari za ugonjwa na kupewa punguzo, ilhali mahakimu hawana mamlaka hayo. Wao huangalia kama kodi ilitozwa na kudaiwa ipasavyo na kama haijalipwa, kisha hutoa amri ya malipo, ambayo huiruhusu halmashauri kukata mshahara au posho fulani, au kutuma madalali wa mahakama. Mgogoro wa punguzo hupelekwa kwanza kwa halmashauri yenyewe kwa maandishi, na ikikataa, au miezi 2 ikipita bila jibu, hukatiwa rufaa kwenye baraza la uthamini, ambalo huamua migogoro ya kodi hii. Hata hivyo, siku ya kesi ikifika kabla hujajibiwa, nenda, uombe iahirishwe.

Wala usiogope kwamba deni hili litamnyima mama matunzo. Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014 inaitaka mamlaka imtathmini kila mtu mzima anayeonekana kuhitaji msaada, bila kujali fedha zake, na inakupa wewe mtunzaji haki ya tathmini yako mwenyewe. Iombe, dada. Wewe pia huchoka.

SWALI: Baba yangu, pia wa England, amehamia moja kwa moja katika makao ya wazee na nyumba yake iko tupu. Je, kodi inaendelea?

JIBU: Nyumba iliyobaki tupu kwa sababu mwenyewe amehamia makao ya matunzo husamehewa kodi kwa muda wote anaokaa huko, lakini lazima halmashauri iarifiwe. Usichanganye msamaha huo na gharama za makao yenyewe, ambazo huangaliwa kwa hesabu nyingine: mwenye mali inayozidi pauni 23,250 kwa kawaida hujilipia, na nyumba huingizwa katika hesabu hiyo baada ya wiki 12 za mwanzo, isipokuwa kama mwenzi wake bado anaishi humo. Kabla ya kuiuza, iulize halmashauri kuhusu mkataba wa kuahirisha malipo, yaani gharama za makao kulipwa baadaye kutokana na thamani ya nyumba.