Wasomaji Wauliza: Lamu kwa Shanta na Mfuko Mwembamba

Nina siku tano za likizo mwezi wa Februari na pesa zangu ni za kuhesabu. Nataka kulala Shela kwa kuwa ufuo uko huko, lakini wenzangu wananisihi nikae Lamu mjini. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Nakuru*

Wasikilize wenzako. Shela ina mchanga mzuri, lakini vyumba na vyakula vyake vingi vimepangwa kwa mfuko usio wako. Kutoka mjini ni kama kilomita 3 tu, dakika 45 kwa mguu ukifuata pwani. Lala mjini, nenda Shela ukaoge, rudi.

Usilipie chumba kwa kuona picha. Nyumba za kale za Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe. Mchana chumba cha chini ni baridi, usiku upepo haukifikii na unyevu unakaa humo humo. Februari ni kaskazi, msimu wa joto, kwa hiyo omba chumba cha juu, karibu na paa la makuti, chenye madirisha pande mbili, hata kama ni kidogo kuliko vingine. Kabla ya kutoa pesa, fungua bomba la bafuni, washa feni, kisha ukunjue chandarua chote utafute matundu. Uliza pia umeme ukikatika maji yanapandaje kwenye tangi la juu, maana pampu ikilala, ghorofa ya juu ndiyo hukauka kwanza.

Gatini utapokewa na vijana watakaotaka kukupeleka gesti. Si wabaya, lakini ada yao huingizwa kwenye bei ya chumba chako. Sema tayari una pa kufikia, weka shanta kwenye hoteli ya chai, agiza kikombe, kisha kazunguke mwenyewe mitaa ya Mkomani na Langoni. Bei itaje kwa siku zote tano kwa pamoja. Punguzo la usiku mmoja ni dogo mno.

Tulikwenda Shela kwa miguu saa nne asubuhi, njia kavu kabisa. Jioni tukakuta maji yamefika ukutani, ikabidi tukodi boti kwa bei ya kuumiza. Tulikosea njia?
*Wasomaji wawili, Thika*

Njia ilikuwa ile ile, ila bahari ilikuwa imejaa. Nadhani mlikwenda siku za bamvu, yaani mwezi mchanga au mwezi mpevu. Siku hizo, pwani yetu hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa sana mnamo saa kumi jioni. Ndiyo maana asubuhi mlipita mchangani, na jioni kipande cha njia kilikuwa chini ya maji.

Hesabu yake ni rahisi. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Basi ukijua tarehe ya mwezi mwandamo, na Lamu mwenye duka yeyote atakutajia, anza na saa kumi jioni ya tarehe mosi, kisha uongeze dakika 50 kwa kila siku iliyopita. Kati ya kujaa na kujaa ni saa 12 na dakika 25, kwa hiyo utapata na kujaa kwa pili. Ni makadirio, yanaweza kupotoka kwa saa moja, lakini yanatosha kukuonya. Siku za bamvu, ondokeni Shela kabla ya saa nane mchana, au mngoje giza na mje na tochi. Sisi tungeondoka saa nane.

Mkiwa huko, ufuo wa Shela unaendelea kwa kilomita 12 hivi bila kivuli wala duka. Bebeni maji lita 2 kila mtu, msiende mbali mkiwa peke yenu, na msiogelee karibu na mlango wa bahari maji yakipwa, kwa sababu mkondo hutoka kwa nguvu.

Nahodha mmoja alinitajia bei ya kwenda magofu ya Takwa, mwingine nusu yake. Tofauti ni nini?
*Msomaji, Kisumu*

Mara nyingi mmoja anataja mashua nzima, mwingine anataja bei kwa kichwa. Uliza hilo kwanza. Halafu uliza: samaki wa kuchoma ni wake au utamnunulia? Kiingilio cha magofu kimo? Jaketi za kuelea zipo ngapi? Upepo ukikata, mafuta ya mashine ni juu ya nani?

Takwa ni mji uliohamwa karne ya 17, kisiwani Manda, na njia yake ni mkono mwembamba wa bahari kati ya mikoko, usiopitika maji yakiwa kidogo. Chagua siku ambayo maji yatajaa adhuhuri, takriban tarehe 11 au 26 ya mwezi mwandamo. Hapo utaingia maji yakipanda na kutoka kabla hayajakimbia. Nahodha akisema “twendeni”, usimwombe picha moja zaidi. Mashua ikikwama matopeni, hakuna wa kuivuta ila kujaa kwa pili. Beba kitambulisho, kwani kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni wa mbali.

Maji ya bomba yananywewa? Na chakula cha bei nafuu kiko wapi?
*Msomaji, Morogoro*

Yaogee tu. Maji ya Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na yakivutwa kupita kiasi chumvi ya bahari hupenya. Ndiyo maana sabuni wakati mwingine haitoi povu. Kuchemsha huua vijidudu, chumvi hubaki. Nunua dumu la lita 5 au zaidi, ujaze chupa yako kila asubuhi.

Chakula kitafute Usita wa Mui, barabara ya ndani, wala si mbele ya bahari. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, jioni mkate wa mofa na mishkaki. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi hufungwa mchana, basi weka tende na ndizi chumbani. Na katika Mfungo Sita, wiki ya Maulidi, vyumba hujaa, hivyo piga simu mapema.

Natoka Tanga. Nafikaje?
*Msomaji, Tanga*

Horohoro, Lungalunga, Mombasa. Ulale hapo, maana mabasi ya Lamu huondoka alfajiri na safari ni ya mchana. Ni kilomita 340 hivi hadi Mokowe, gati la upande wa bara, na njiani kuna vizuizi vya polisi, kwa hiyo pasipoti iwe mfukoni, isiwe ndani ya shanta lililofungiwa chini ya basi. Kutoka Mokowe panda boti ya abiria wote, nusu saa hivi. Ya kukodi ni haraka zaidi na ghali zaidi. Funga nguo ndani ya mfuko usiopenya maji, maana mawimbi hurusha maji.