Simu ya mzazi na jioni ya mwalimu

Anayefundisha kwa mtandao Dar es Salaam huanza kwa kulalamikia bando. Ikifika wiki ya pili anagundua kwamba kinachokwisha haraka zaidi ni jioni yake. Mwanafunzi wa sekondari ya kutwa mara nyingi hana simu. Simu ni ya mama, na mama yuko dukani Kariakoo mpaka saa 12. Mpaka apate daladala ya Mbagala na kufika nyumbani ni saa 2 usiku, na hapo ndipo maswali yanapomiminika. Ukisema unajibu mchana tu, umemnyima mtoto somo.

Kwa hiyo ratiba ifuate simu hiyo. Asubuhi tuma sauti 3 za dakika 4 au 5, pamoja na picha ya daftari lako. Zoezi lipewe siku 2. Maswali jibu Jumanne na Alhamisi, saa 2:30 hadi 3:30 usiku. Siku nyingine funga grupu: kwenye mipangilio ya WhatsApp, ruhusu maadmini peke yao kutuma ujumbe. Wapo watakaokufuata inboksi. Kwa ajili yao weka laini ya pili kwenye WhatsApp Business, ambayo hujibu yenyewe nje ya saa ulizopanga. Namba ya nyumbani usimpe mzazi yeyote, hata aliye kwenye bodi ya shule.

Kipindi cha mubashara kimoja kwa wiki kinatosha. Zoom ya bure hukata kwenye dakika 40, na kamera ndizo zinazokula bando, kwa hiyo zizimwe.

Kazi nzito ni kusahihisha. Wanafunzi 45 wakituma kurasa 3 kila mmoja, hizo ni picha 135, nyingi zimepigwa usiku na kivuli cha mkono kimelala juu ya jibu. Waandike kwa kalamu, si penseli. Wapige picha mchana karibu na dirisha hata kwa simu ya jirani, jina likiwa juu ya kila ukurasa. Zima upakuaji wa picha wa moja kwa moja, la sivyo simu itajaa. Kwa dakika 3 kila mmoja, zoezi moja linakula saa 2 na robo. Sahihisha 15 kwa zamu, waliobaki wajisahihishe kwa majibu uliyotuma. Maswali ya kuchagua yapeleke Google Forms. Ukishaiwekea majibu, inasahihisha yenyewe.

Rekodi saa 12 asubuhi, kabla bodaboda hazijachangamka. Joto la Februari litakushawishi uwashe feni, na ukiiwasha karibu na simu, wanafunzi watasikiliza feni. Chumba kitupu kina mwangwi. Kaa karibu na godoro au pazia zito.

Mwenye chumba na sebule hana ofisi ya kufunga mlango. Atafute kapu. Saa 11 jioni madaftari, chaja na kompyuta viingie humo, kapu lipande juu ya kabati. Simu ya kazi nayo izimwe iingie, isipokuwa Jumanne na Alhamisi.