Maswali ya Magari: Pikapu Iliyotembea Kidogo, Ikaegeshwa Sana

*Kaka yangu anaishi Texas. Ameona Chevrolet SSR ya 2004 inauzwa, ile pikapu yenye umbo la zamani ambayo paa lake la chuma hujikunja lenyewe nyuma ya viti. Imetembea maili 9,000 tu. Ananihimiza niinunue, aipakie melini hadi Mombasa, niiendeshe Nairobi. Nikubali?* – Msomaji, Donholm

Usikubali. Gari hilo halitasajiliwa hapa, kwa sababu mbili, na kila moja inatosha peke yake. Kwanza, KS 1515, kiwango cha Kenya cha ukaguzi wa magari, kinazuia gari kuukuu lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Pili, SSR zote zina usukani upande wa kushoto, na Kenya husajili magari ya aina hiyo kwa kazi maalumu tu, kama vile ambulansi. Hata ukipata fundi wa kuhamisha usukani, umri utabaki palepale. Ukimsikia wakala akisema ana njia yake bandarini, mkimbie.

Kama kaka yako anarudi nyumbani moja kwa moja, na ameishi huko miaka 2 au zaidi, anaruhusiwa kuingiza gari moja bila ushuru, mradi amelimiliki na kulitumia kwa angalau miezi 12. Mwenye gari la usukani wa kushoto anaweza kuliuza na kuleta la usukani wa kulia lisilozidi thamani ya lile la kwanza. Kikomo cha miaka 8 kinamhusu yeye pia.

Akitaka kuiendesha hukohuko Marekani, hilo ni jambo jingine, na ni gari linalostahili kupendwa. Lilitengenezwa Lansing, Michigan, kuanzia 2003 hadi 2006, kwa umbo lililoiga pikapu za Chevrolet za miaka ya 1947 hadi 1955. Ya 2003 na 2004 ina injini ya V8 ya lita 5.3 yenye nguvu za farasi 300. Kwa gari la zaidi ya tani 2, mwendo wake ni wa utulivu. Kuanzia 2005 iliwekwa injini ya lita 6.0, na gia za mkono zikapatikana. Asitegemee maneno ya tangazo: aangalie herufi ya 8 katika namba ya chasisi. P ni lita 5.3, H ni lita 6.0.

Shida haiko kwenye injini. Injini za ukoo huo zimejaa Marekani na vipuri vyake ni rahisi kupata. Shida ni paa, kwa kuwa vipuri vyake havitoki kwenye gari jingine lolote. Alifungue na kulifunga mara tatu mfululizo, injini ikiwa inanguruma ili betri isilegee. Paa likikwama katikati, aondoke. Kisha alimwagie maji ya mpira kwa dakika 10 na kupapasa zulia nyuma ya viti aone kama limelowa. Tairi za mbele ni 255/45R19 na za nyuma 295/40R20, kwa hiyo haziwezi kubadilishana nafasi, na zote nne zikiwa za zamani ni gharama ya kukatwa kwenye bei.

*Jirani hapa Lang'ata anauza pikapu ya petroli iliyoegeshwa tangu 2019. Ina kilomita 41,000 na inang'aa. Nikague nini, na iwashwe vipi bila kuharibu injini?* – Msomaji, Lang'ata

Kilomita chache hupunguza uchakavu wa vyuma, si uzee wa mpira, petroli na majimaji. Bei ya gari kama hili ipangwe kwa miaka.

Anza na tairi. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Zikipita miaka 6 zikaguliwe kwa makini, zikipita 10 zitupwe hata kama kashata, yaani meno ya tairi, zimejaa. Tarakimu hizo pia zitakusaidia kupima ukweli wa odomita, kwani gari la kilomita 41,000 kwa kawaida halijamaliza seti ya pili ya tairi. Tazama na mpira wa kanyagio la breki. Ukiwa umelainika kama sabuni, kilomita hizo si za kweli. Kama gari lilitoka Japani, omba cheti cha usafirishaji, kwa kuwa kina kilomita zilizosomwa lilipokaguliwa huko.

Asiwashe mtu yeyote kabla ya haya. Nusa tangi: petroli iliyooza hunuka kama vanishi, na ikivutwa huziba nozeli. Imwage yote, badilisha filta, weka lita 10 mpya. Fungua boneti utafute nyaya zilizotafunwa na panya. Badilisha oili na filta yake. Toa plagi, tia kijiko kidogo cha oili safi katika kila tundu, acha usiku kucha. Asubuhi toa fyuzi ya pampu ya petroli na ya moto wa plagi, piga stata sekunde 5, pumzisha, rudia mara tatu. Hapo oili imepanda juu na silinda hazitasagika kavu. Ndipo urudishe plagi na fyuzi, uwashe.

Betri iliyojaa husoma volti 12.6 gari likiwa limezimwa; injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.5. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limesimama, ikachemka mapema kwenye mteremko na kuozesha silinda za breki kwa ndani. Isukume yote itoke, lita 1 inatosha pikapu nyingi. Handibreki iliyofungwa miaka yote hiyo huenda imeganda. Usilivute gari kwa nguvu, utaharibu breki.

*Mafundi wa Kirinyaga Road wanaweza kukata paa la Hilux yangu iwe wazi?* – Msomaji, Kasarani

Kukata wanaweza. Lakini paa ndilo linaloshikanisha nguzo za kioo cha mbele na zile za nyuma ya milango, ambako mshipi wa usalama umefungwa. Likiondoka, milango hukataa kufunga, kioo hupasuka mashimoni, na gari likipinduka hakuna kinachokinga kichwa. Kazi halali inahitaji kuimarisha vizingiti vya milango kwa chuma, kuweka upinde wa bomba uliofungwa kwenye chasisi kwa boliti, kibali cha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, cha kubadilisha bodi pamoja na ukaguzi, na bima iarifiwe kwa maandishi. Kama unachotaka ni sura ya kizamani, rangi mbili, bampa za kromu na rimu za chuma zenye vifuniko zitakupa hiyo, na paa libaki mahali pake.