Kwa mnaoanza kupokea mapendekezo ya tuzo za wahitimu

Wadogo zangu wa ofisi ya wahitimu, msimu wa mapendekezo umefunguliwa juzi tu na mezani tayari kuna mafaili yenye kasoro zilezile za mwaka jana. Nawapenda, lakini hili linanichosha.

1. Hakikini kwa msajili kwamba mpendekezwa alihitimu kweli. Kusoma chuoni si kuhitimu.

2. Barua ya pendekezo ieleze kazi aliyoifanya mtu, siyo tabia yake. Hapa ndipo panaponiuma. Alipendekezwa muuguzi mmoja kwa tuzo ya utumishi. Mpendekezaji, aliyesoma naye, aliandika kurasa mbili nzima: mchapakazi, mnyenyekevu, mcha Mungu, mfano wa kuigwa. Aliyepokea faili akagonga muhuri, akaambatisha wasifu, akalipeleka kamatini. Mjumbe akauliza, "Amefanya nini hasa?" Tukapekua kurasa zote, jibu halimo. Faili likawekwa kando, tuzo ikaenda kwa mwenye vyeo vingi.

Majina yalipokwisha kutangazwa, mpendekezaji akaja ofisini na daftari lenye jalada lililochakaa. Ndani, kwa mwandiko wa muuguzi mwenyewe, yamepangwa majina ya wakunga aliowafundisha jioni baada ya zamu, bila malipo. Kila jina lina tarehe ya kumaliza na zahanati alikokwenda kufanya kazi. Muda wote daftari lilikuwepo, ila hakuna aliyempigia simu kumwuliza kama ana ushahidi. Kupiga simu hiyo ni kazi yenu. Msiniambie "hakuambatisha". Watu wengi wanaopendekeza hawajawahi kujaza fomu ya aina hii, na wanaowapendekeza si watu wa kujitangaza.

3. Mjumbe mwenye undugu, urafiki au biashara na mpendekezwa aseme mapema, kisha atoke nje faili likijadiliwa. Iandikwe kwenye muhtasari.

4. Mpendekezwa akubali kwanza ndipo jina litangazwe. Na jina la kwenye ngao mwulizeni yeye analiandikaje.

5. Msingoje mtu atuzwe kwingine. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, akaanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977, Nobel ya Amani ikaja 2004. Kamati ambayo ingesubiri Nobel ingechelewa miaka 27, ilhali kina mama vijijini walikuwa wakipanda miche hadharani. Kumtuza aliyekwisha kutuzwa kunakipa chuo picha nzuri ya ukutani. Kumtuza mapema kunamsaidia kupata wafadhili na kusikilizwa angali kazini.

Kwa hiyo msikae kusubiri fomu ziingie. Zungukeni idarani, waulizeni walimu wa zamani na viongozi wa matawi ya wahitimu nani anafanya kazi ambayo haijaandikwa popote. Muanze na yule muuguzi: kanuni zetu zinaruhusu faili kurudi msimu unaofuata, na safari hii daftari liwe kiambatisho cha kwanza.