Jibu: Mwanzie na mayai ya vyura

Dada, umeuliza umsimulie mwanao wa miaka 8 utoto wa mtu gani mashuhuri, maana tarehe za vita zamtia usingizi. Mwanzie na Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira wa Kenya, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, 1940. Akienda kijitoni kuteka maji, karibu na mti wa mugumo, alikuta mayai ya vyura akayaona kama shanga. Akataka kuyavaa shingoni! Kila akiyainua, yanakatika mikononi. Wanangu hapa Kibokoni walicheka hadi uji ukamwagika mkekani. Kisha mwambie alivyoingia skuli: kaka yake Nderitu alimuuliza mama yao, mbona Wangari hasomi kama sisi? Mama akakubali. Tuzo yake ya amani ya Nobel ya 2004 itaje kwa kupita tu, haitamshughulisha.