Barua kwa mwanangu: Émilie na kipeo cha pili

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama ni kweli, anavyodai mwenzako darasani, kwamba Émilie du Châtelet, yule Mfaransa wa karne ya 18, alikuwa mpenzi wa mwandishi Voltaire aliyetafsiri kitabu cha Newton kuhusu mwendo na mvutano, basi. Mapenzi yalikuwepo, na kutafsiri alitafsiri. Hiyo “basi” ndiyo siikubali.

Tuanze na ugomvi wa zama zake: nguvu ya kitu kinachokwenda ipimwe vipi? Wafuasi wa Newton, Voltaire akiwemo, walizidisha tungamo kwa kasi. Leibniz, Mjerumani, alitaka kasi ipigwe kipeo cha pili, yaani kasi mara kasi. Kule Leiden, Uholanzi, mwanafizikia 's Gravesande aliangusha vitufe vya shaba kwenye udongo laini wa mfinyanzi, akapima mashimo. Kitufe kilichotua kwa kasi maradufu kilizama mara nne. Kasi mara tatu, kina mara tisa. Katika kitabu chake cha fizikia cha 1740 Émilie akasimama upande wa Leibniz, ilhali anaishi nyumba moja na Voltaire huko Cirey, Ufaransa! Mairan, katibu wa Akademia ya Sayansi ya Paris, akamshambulia hadharani mwaka 1741. Mwaka uleule naye akamjibu kwa maandishi ya kuchapwa, wala hakurudi nyuma.

Tusiwaonee wale wengine: tungamo mara kasi ndiyo momenta unayoifundishwa. Lakini nishati mwendo inafuata kipeo cha pili. Ndiyo maana basi linalokwenda kilomita 100 kwa saa likifunga breki huhitaji umbali kama mara nne wa lile linalokwenda 50.

Kabla ya hapo Akademia ilikuwa imetangaza shindano kuhusu asili ya moto. Voltaire alishiriki, akipima vyuma vilivyochomwa. Émilie hakukubaliana naye, akaandika insha yake usiku kwa siri na kuipeleka. Hakuna kati yao aliyeshinda (mwanahisabati Euler alikuwa mmoja wa washindi), ila Akademia ilizichapa insha zote mbili.

Sasa huyo Newton. Kitabu kile kiko kwa Kilatini, hoja zake zimejengwa kwa jiometri, kigumu hata kwa wasomi. Émilie alikiweka kwa Kifaransa, kisha akaongeza ufafanuzi wake akitumia kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) iliyokuwa ikitumika Ulaya bara. Kazi hiyo haifanywi na mtu asiyeijua fizikia. Mwaka 1749, akiwa na miaka 42 na mjamzito, aliogopa uzazi ungemuua, akafanya kazi hadi usiku wa manane ili amalize. Muswada akaupeleka maktaba ya mfalme. Akajifungua, na siku chache baadaye, tarehe 10 Septemba, akafariki.

Kitabu kamili kilitoka 1759, mwaka ambao nyotamkia ya Halley ilirudi kama hesabu za Newton zilivyowezesha kutabiri. Wafaransa wanakitumia hadi leo.

Jumapili nitakupigia.

Baba yako